Maji ya Kigari cha Maduhu

Jilala ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Maduhu amefariki. Ilikuwa asubuhi, nimesimama kwenye ngazi nafunga bomba la tanki nyumbani kwa mteja, na kabla sijasema pole, kabla hata huzuni haijanifikia, nilijikuta najiuliza: huyu amejuaje mapema hivi? Alikuwa wapi? Swali lilikuja lenyewe, kama mkono unavyoruka ukigusa chuma cha moto. Nilishuka, nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikaona aibu. Maduhu alikuwa ameugua figo karibu mwaka mzima, kila mtu alijua, na Jilala ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Hapakuwa na cha kuulizia. Lakini nakaribia miaka arobaini sasa, wateja wananiita mama, na bado moyo wangu ukisikia jina la Jilala unampekua kwanza ndipo unamsalimia. Tabia hiyo najua niliipata wapi. Niliipata Bariadi, ndani ya mwaka mmoja, katika ua wa Mama Holo, nilipokuwa na miaka ishirini na tatu na nilipofunga mabomba ya maji kwenye kigari cha magurudumu manne kilichoendeshwa kwa injini ya pikipiki.

Nilikuwa nimefika kutoka Kalemela na cheti cha ufundi bomba, spana mbili na msumeno wa chuma. Mji ulikuwa umeanza kujaa ofisi za mkoa, na watumishi waliohamia walitaka nyumba zenye choo cha ndani na sinki jikoni, kwa hiyo kazi ilikuwepo hata kwa msichana, ingawa kila nilikoingia mwenye nyumba aliuliza fundi yuko wapi. Chumba changu kilikuwa cha kwanza katika safu ya vyumba vitatu vya kupanga. Kuta zake ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Kutoka hapo hadi kwenye bati ilikuwa hewa moja tu kwa wote watatu, na katika hewa hiyo vilipita kikohozi, harufu ya mafuta ya taa, mahubiri ya redio na kila neno lililosemwa. Chumba cha kati alikaa Jilala, fundi wa injini, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye kucha zake hazikuwahi kutakata. Cha mwisho alikaa Maduhu, mtoto wa dada yake Mama Holo. Mama Holo mwenyewe alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua, na ndiye aliyetupikia. Asubuhi alitupa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo ukivitafuna unapata utamu polepole. Mchana ilikuwa ugali wa mtama na mlenda, au dagaa wa Nassa waliokaangwa na nyanya. Nilimwita mayu, yaani mama, kama wengine wote, na kila asubuhi nilimwamkia "Ng'wangaluka, mayu" kwa goti, kwa sababu kabla ya salamu hiyo hakuna chai iliyomiminwa.

Maduhu alikuwa amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti, mwaka mmoja kabla sijafika. Zamani alibeba dagaa kwa pikipiki kutoka Nassa hadi mnada wa Lalago, akaanguka kwenye mteremko wa daraja akiwa na magunia mawili nyuma. Sikuwahi kumwona kabla ya ajali, kwa hiyo sijui kama alizaliwa na macho yale au aliyapata hospitalini. Alikaa ameegemea ukuta siku zote. Hakutaka mtu apite nyuma yake. Magongo yake yakisogezwa hata hatua moja aliuliza ni nani. Mama Holo akimletea chai alitazama kwanza ndani ya kikombe, akakizungusha, ndipo akanywa. Sisi tulikuwa tunacheka pembeni. Baada ya miezi michache nilikuwa na mimi natazama ndani ya kikombe.

Kigari kilikuwa wazo lake. Alinunua injini kutoka kwenye pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu iliyopinduka, injini ya aina inayopozwa kwa maji, na rejeta yake ya kupozea maji ikiwa nzima. Jilala alichomelea fremu kwa mabomba ya chuma, akaweka viti viwili, akahamisha gia na klachi vikawa vya mkono, akauacha mguu wa kulia wa Maduhu ufanye kazi moja tu, breki. Injini ilikaa nyuma ya viti. Rejeta ilikaa mbele kabisa, puani, ili ipigwe na upepo. Kati ya injini na rejeta palikuwa na urefu wa mtu aliyelala, na mipira ya maji iliyokuja na injini haikufika hata nusu yake. Hapo ndipo niliitwa.

"Mimi najua moto na mafuta," Jilala alisema. "Maji ni ya fundi bomba."

"Maji ni maji," Maduhu akasema, akinitazama kama anayenipima uzito. "Yakipita kwenye ukuta wa nyumba, na hapa yatapita. Au?"

Nilisema yatapita. Nilifanya kazi ile kwa wiki nzima, nikirudi kutoka kwenye nyumba za watu mchana, na sijui kama nimewahi kufanya kazi kwa furaha kiasi kile. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilitoa maji yaliyopoa chini ya rejeta na kuyarudisha kwenye pampu ya injini. Hiyo niliipitisha chini ya sakafu, imenyooka. Ya pili ilipeleka maji ya moto kutoka juu ya injini hadi juu ya rejeta. Chini hapakuwa na nafasi, mnyororo na fimbo ya gia vilijaa, basi nikalipandisha bomba, nikalivusha juu ya nondo ya fremu iliyo nyuma ya viti, nikalishusha tena upande wa kulia wa dereva hadi mbele. Ule mpindo niliupenda. Nilitumia bomba la robo tatu ya inchi, nikalijaza mchanga na kulikunja bila kulibonyeza hata mahali pamoja, na kwenye ncha nikafunga vipande vya mpira kwa vibano vya chuma. Jilala alikuja akalitazama, akapitisha kidole juu ya ile nundu ya mpindo.

"Hapa juu pako sawa?" akauliza.

Nilisikia dharau. "Kwani nani hapa ana cheti cha bomba?"

Akaondoa kidole, akaenda zake.

Tulijaza maji mpaka yakafika kwenye kifuniko cha rejeta, Maduhu akawasha, na kigari kikazunguka uwanja wa nyuma mara tatu huku Mama Holo akipiga vigelegele na kuku wakikimbilia jikoni. Maduhu alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Lakini alipotoka hadi barabarani na kurudi, injini ilikuwa inachemsha, inanuka, tukangoja ipoe, tukafungua kifuniko, tukaongeza maji. Jioni rejeta ilikuwa imejaa. Asubuhi, nilipokuja na kikombe changu cha chai na kuchungulia, maji yalikuwa yameshuka karibu lita nzima, na chini ya kigari vumbi lilikuwa kavu kabisa. Nilipapasa kila kiungo kwa kidole. Hakuna tone.

Tukaongeza. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Mvujo hauwezi kukosa kulowesha ardhi. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Kama maji hayavuji, basi yanatolewa. Mama Holo alisema tuanze kwa kuuliza pikipiki ile ilipopinduka ilimtupa nani, akafunga kitambaa cheusi cha kinga kwenye usukani bila kueleza zaidi. Maduhu hakusema kitu, ila alihamisha kiti chake mahali ambapo aliona kigari kutoka mlangoni kwake. Mimi nilifanya ya kwangu. Nilifunga uzi mwembamba kwenye kifuniko cha rejeta, nikanyunyiza majivu ya jikoni chini, kidogo tu, kama unga kwenye ubao. Kulipokucha uzi ulikuwa umekatika na kwenye majivu palikuwa na nyayo za makatambuga, zile ndala za tairi, na mtu mmoja tu katika ua ule alivaa makatambuga.

"Asubuhi ulikuwa unatafuta nini kwenye kigari?" nilimuuliza Jilala tulipokuwa tunanawa.

"Natazama maji."

"Yalikuwepo?"

"Hayakuwepo." Akashusha macho kwenye beseni. Nilihesabu kule kushusha macho kuwa ushahidi.

Nimefikiria sana juu ya siku zile. Mtu akishaamua nani mwizi, kila kitu kinamletea habari. Jilala akiamka mapema, ni kwa sababu hiyo. Akichelewa, ni kwa sababu hiyo. Nilianza kulala kichwa kikiwa upande wa ukuta wake ili nisikie vizuri, na siku moja mchana, Mama Holo akiwa anatwanga karanga uani, nilisikia Jilala anaongea na simu. Kinu kilikula maneno nusu. Yaliyobaki yalikuwa haya: "... hii ya hapa haifiki hata Maswa..." Kinu. "... yeye akichoka, nitaichukua mwenyewe." Nilibaki nimeshika mwiko wa uji niliokuwa najipikia chumbani, mpaka uji ukaungua. Kila kitu kilipangika. Anatoa maji, injini inachemsha, Maduhu anakata tamaa, Jilala anaichukua injini.

Ningeweza kumuuliza faraghani. Nilingoja Jumapili, wakati wote wamerudi kutoka kanisani na Mama Holo ametandika mkeka na kuweka sinia la wali na sato wa kuchoma, kwa sababu nilitaka watu.

"Kaka Maduhu," nikasema, "mwulize Jilala injini anakuja kuichukua lini."

Jilala alikuwa na samaki mkononi. "Injini gani?"

"Nimekusikia kwenye simu. Haifiki hata Maswa. Akichoka, unaichukua."

"Ulisikia nusu," alisema, na nakumbuka hakukasirika, alianza kuweka samaki chini kama mtu anayejiandaa kueleza jambo refu. Lakini Maduhu hakumpa nafasi.

"Na breki?"

Jilala akageuka. "Breki zipi?"

"Za pikipiki yangu. Ulizifunga Alhamisi. Jumamosi nikaanguka."

Mama Holo akasema, "Maduhu, baba, acha."

"Sijawahi kuuliza, mayu. Mwaka mzima nimekaa chumba jirani na huyu mtu, nimekula naye, sijauliza. Leo nauliza. Breki ulizifungaje?"

Nilitaka kusema kitu, kwamba mimi nilikuwa naongelea maji tu. Sikusema. Nilikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho kwa miaka mingi sikukubali kukitaja: nilifurahi. Mtu mzima alikuwa ameniamini mara moja, bila kuuliza fundi yuko wapi. Jilala alinyanyuka, akanawa mikono, kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani, akatoka na begi na sanduku la spana. Alimuaga Mama Holo peke yake. Sinia lilibaki katikati yetu na hakuna aliyerudisha mkono.

Wiki ile nilikaza vibano vyote upya kwa bisibisi yangu, kwa nguvu zangu zote, na kwa kuwa mwizi alikuwa ameondoka, tulipakia magunia mawili ya dagaa na kuanza safari ya Lalago kupitia Maswa asubuhi na mapema, Maduhu kwenye usukani na mimi pembeni yake na dumu la maji miguuni. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani pande zote mbili. Maduhu aliimba. Tulipoingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, ambako barabara ni mashimo na mwendo ni wa gia ya chini, nilianza kusikia harufu. Nikamwambia asimame. Alisema tufike kwenye mti ule. Hatukufika. Mpira wa maji ya moto ulichomoka kwenye bomba mbele ya kiti chake, ukapiga kishindo, na maji pamoja na mvuke vikamwagika juu ya mguu wake wa kulia, mguu aliobakiwa nao.

Sitaeleza alivyolia. Nilimvuta nikamlaza chini, nikammwagia dumu lote, na wachungaji waliokuwa na ng'ombe karibu na barabara wakaja mbio na kibuyu chao cha maji wakammwagia nacho pia. Lori la pamba lilitubeba kurudi. Zahanati walimfunga kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo, wakasema ana bahati, hakuungua hadi ndani, lakini wiki kadhaa hatakanyaga. Kwa mtu mwenye mguu mmoja hiyo ina maana ya kubebwa mpaka chooni. Mama Holo alimbeba, na mimi nilimbeba.

"Alilegeza kabla hajaondoka," Maduhu alimwambia kila aliyekuja kumpa pole. "Alisema mwenyewe haifiki Maswa. Na haikufika."

Watu walitikisa vichwa. Nilikuwa pale, nakoroga uji wake, na nilijua kwamba kibano kile nilikikaza mimi, siku tatu baada ya Jilala kuondoka. Nilijua, nikaendelea kukoroga. Nilijiambia huenda aliharibu mahali pengine. Nilijiambia nitachunguza kwanza. Jina la Jilala lilizunguka kutoka gereji hadi gereji, na hakuna aliyempa kazi tena Bariadi. Tulisikia amerudi kwao Nassa.

Kilichonifungua macho ni bomba la jikoni. Mwalimu mstaafu aliniita nyumbani kwake kwa sababu tanki lilikuwa limejaa, koki iko wazi, na maji jikoni hayatoki hata tone. Nilifuata bomba kwa macho kutoka tanki. Mwashi alikuwa amelipandisha juu ya fremu ya mlango na kulishusha upande wa pili. Hewa imekaa kwenye nundu, nikamwambia mwalimu, maji hayawezi kuisukuma. Ni jambo la mwezi wa kwanza chuoni. Nikapanda kwenye stuli, nikalegeza kiungo cha juu kidogo. Hewa ikatoka kwa sauti kama ya mtu anayesema "sss" kumnyamazisha mtoto, halafu maji yakaja. Mwalimu alikuwa anapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya stuli, nimeshika spana, naona ule mpindo wangu mzuri nyuma ya viti vya kigari, ulio juu kuliko rejeta, juu kuliko kila kitu.

Hewa ilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Ikipata moto inatanuka na kuyasukuma maji mbele, rejeta inaonekana imejaa. Injini ikipoa usiku, hewa inanywea na kuyavuta maji nyuma, na asubuhi rejeta imepungua, chini kukavu, hakuna aliyegusa. Na kule barabarani kichwa cha injini kilikuwa kikichemka bila maji ya kutosha mpaka mvuke ukatafuta pa kutokea. Hakuna mwizi aliyewahi kuwepo. Jilala alikuwa ameweka kidole juu ya tatizo lenyewe akaniuliza kama pako sawa.

Nilirudi moja kwa moja. Maduhu alikuwa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Mama Holo anabangua karanga. Nilipiga magoti kama ninaamkia, ingawa salamu ilikuwa imeshapita, nikasema yote: nundu, hewa, majivu, kibano. Mama Holo aliacha karanga.

"Kwa hiyo maji hayakuibwa," Maduhu akasema.

"Hayakuibwa."

"Na huu mguu?"

"Ni mimi, kaka. Kibano nilikaza mimi. Jilala alikuwa ameshaondoka."

Alirekebisha ncha ya bandeji. Nilingoja anifukuze. Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Hayo ni ya maji." Nikaelewa kwamba la breki lilikuwa limebaki palepale, na sikuwa nimerudisha chochote.

Kesho yake nilikwenda Nassa. Nilimkuta Jilala pembeni mwa majaruba ya mpunga, suruali imekunjwa, anatengeneza pampu ya kumwagilia. Nikamsalimia "Ng'wadila," naye akaitikia salamu yote mpaka mwisho, hakupunguza neno, jambo lililonitesa kuliko matusi. Nilimweleza. Alisikiliza huku akisafisha plagi kwa kitambaa.

"Lile swali uliloniuliza juu ya nundu," nikasema, "sikulisikia vizuri."

"Ulilisikia. Ulilijibu."

Akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kitu kizito ndani ya gunia, akakifungua. Ilikuwa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda ambamo maji ya kupoza hupita, safi, imepakwa grisi. "Nilikuwa nimeona mvuke mweupe kwenye ekzosi," akasema. "Hedi ya Maduhu ilikuwa inakufa. Nilidhani kosa ni langu, kwamba gasketi ya kuziba maji nimeifunga vibaya. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kutazama maji, naomba yawepo. Kuna rafiki yangu wa Lamadi alikuwa ameiona hii kwa mtu. Nikamwambia kwenye simu kwamba yule mwenye nayo akichoka kungoja nitaichukua mwenyewe. Nilitaka nije nayo mkononi ndipo niseme."

"Naomba unisamehe."

"Ya maji nimekusamehe." Akaifunga hedi tena. "Umekuja kusema ya maji, Minza, nashukuru. Sasa ya breki atakwenda kusema nani?"

Nilirudi Bariadi nikiamini hatumwoni tena. Lakini wiki mbili baadaye, Maduhu akiwa ameanza kukanyaga, Jilala aliingia uani na gunia lake, akamsalimia Mama Holo, akampa Maduhu salamu fupi, akalala chini ya kigari. Tulifanya kazi siku mbili, yeye nyuma, mimi mbele. Hedi ya zamani ilipotoka ilikuwa imepinda kama sahani ya plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Mimi nilikata lile bomba langu zuri vipande viwili. Jilala alihamisha fimbo ya gia ili nipate njia ya chini, nikapitisha bomba likipanda polepole kutoka injini hadi rejeta bila kushuka popote, nikaiinua rejeta juu ya kila kitu, na kwenye sehemu ya juu kabisa nikaweka koki ndogo ya kutolea hewa. Tulipojaza, nilifungua ile koki. Ilipiga mbinja, ikatema, ikapiga mbinja tena, kisha ukatoka uzi wa maji usiokatika. Injini iliunguruma nusu saa na Jilala akaweka kiganja juu ya rejeta, akaniashiria na mimi niweke. Ilikuwa na joto sawa kila mahali.

Maduhu alikuwa amekaa ameegemea ukuta muda wote. Jilala alifuta mikono, akaenda kusimama mbele yake.

"Breki za kigari nimezifunga mimi," akasema. "Zikague."

"Mimi si fundi."

"Basi twende."

Akaingia akakaa kiti cha pembeni. Aliweka mikono yote miwili juu ya magoti, wazi, ili ionekane kwamba hajashika kitu. Maduhu alimtazama, akajivuta na magongo yake, akapanda. Waliondoka taratibu hadi barabara ya nyuma ya kanisa, ile inayoshuka kwenye kidaraja cha kalvati, na mimi na Mama Holo tukawafuata kwa miguu, kisha kwa mbio, kwa sababu Maduhu alipofika juu ya mteremko hakupunguza. Aliongeza. Kigari kilishuka kikirusha vumbi, Mama Holo akapiga yowe kwa Kisukuma, na niliona mgongo wa Jilala umenyooka, mikono iko palepale magotini. Kalvati ilikuwa karibu kabisa Maduhu alipokanyaga. Magurudumu yakaburuza, nyuma ikayumba, kigari kikasimama.

Nilipofika walikuwa bado wamekaa, wote wanatazama mbele.

"Zimeshika," Maduhu akasema.

"Hata zile zilishika," Jilala akasema. "Nilizifunga kama hizi."

Maduhu alipumua kwa mdomo. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali. "Sikumbuki," akasema. "Siku ile. Sikumbuki kama nilizikanyaga."

Mama Holo alifika, akasema chakula kinapoa, nasi tukarudi, kigari mbele kwa mwendo wa mguu. Walikula sinia moja. Hakuna aliyeomba samahani kwa sauti, na sikumwona Maduhu akitazama ndani ya kikombe, lakini huenda nilikuwa natazama kwingine.

Nilimsindikiza Jilala stendi, nimembebea sanduku la spana. Alikataa kurudi kwenye chumba chake. Alisema Nassa pampu ni nyingi. Tulisimama kando ya basi la Lamadi wakati kondakta anapakia matenga ya kuku juu, tukazungumza juu ya mvua. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Minza, siku ile Maduhu alipotaja breki, wewe ulifikiri nini?"

Nilitaka kusema sikuamini kwamba ni yeye. Lilikuwa neno dogo, lingetosha, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo juu ya mtu huyu, na ukweli nao sikuupatia sauti. Nilitafuta, naye alinitazama nikitafuta.

"Haya," akasema, akachukua sanduku lake mkononi mwangu, taratibu. "Umefunga kazi nzuri. Haitachemsha tena."

Alipanda, akakaa upande wa pili ambako sikumwona. Jibu langu lilikuja basi likiwa limeshakata kona ya stendi, na nililisema kwa sauti, peke yangu, katikati ya matenga na mavumbi: ndiyo, siku ile niliamini.